Uainishaji wa Awali wa Viungo vya Risasi Vipatikanavyo Chini ya Milima ya Uluguru

Milima ya Uluguru imekwisha kuainishwa vya kutosha. Kwa zaidi ya miaka mia moja wasomi wamekuwa wakiipanda na nyavu, chupa za spiriti na madaftari, kisha wakashuka na majina. Mmoja wao, Arthur Loveridge, alipewa ndege mzima, chozi wa Loveridge, aliyetangazwa kwenye ulimwengu wa sayansi mwaka 1922. Miaka mitano baadaye akafuata Malaconotus alius, ndege wa juu ya miti mwenye kofia nyeusi na tumbo la njano. Wote wawili hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Vyura wamehesabiwa, vinyonga wamepimwa mikia, konokono wamepewa Kilatini. Hata panya wa mji wa Morogoro wana heshima ya kitaaluma: pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo shirika la APOPO huwafunza kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu.

Lakini shuka Morningside, pita Boma, ingia mitaa inayolizunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu, utakuta jamii kubwa ya viumbe ambao hakuna msomi aliyepoteza wino kwa ajili yao: yale matone ya risasi yaliyoganda kwenye bodi za redio, sabufa, tochi na chaja, yakishikilia waya mmoja na mwingine. Tunazungumzia hasa matone ya wanaoanza: vijana wanaojifunza kulehemu na kuunda saketi ndogo, wenye vidole vyenye malengelenge na shati lenye tundu moja dogo karibu na kifungo cha tatu. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma, au walau kulifunika kwa tone.

Mbinu za utafiti

Uwanja wa utafiti ulikuwa vibanda vya mafundi redio na mafundi simu, kuanzia Msamvu hadi Mji Mpya na Kihonda, pamoja na meza chache zilizo kando ya barabara zinazopanda Mgeta, Kinole na Matombo. Vifaa vilikuwa kioo cha kukuzia, daftari na benchi. Benchi ndilo kifaa kikuu cha taaluma hii. Fundi hazungumzi na mtu aliyesimama, aliyesimama ama ni mteja ama ni mdai, na wote wawili hupewa jibu moja: "Njoo kesho." Aliyeketi huhesabiwa kuwa samani, na mbele ya samani watu husema kweli.

Kosa la waliotutangulia

Vitabu vya elektroniki kwa wanaoanza vipo, na vyote vinaainisha kwa mradi. Mradi wa kwanza ni taa moja, wa pili taa mbili zinazopokezana, wa tatu king'ora, wa nne redio ndogo. Mwanafunzi hupanda ngazi hizo akiwa na mfuko mkononi, na ndani ya mfuko mna vipande vipya vyenye miguu mirefu inayong'aa, thamani zake zimeandikwa, idadi yake imetimia. Kwa mtoto wa Hamburg au Osaka huenda mpango huo ni sahihi. Yeye huanza kwa kufungua mfuko.

Mtoto wa Mji Mpya huanza kwa kufungua maiti. Hupewa redio iliyokufa, bisibisi isiyolingana na skrubu zake, na amri ya neno moja: "Fungua." Akishafungua huambiwa ang'oe. Atang'oa wiki nzima, pengine mwezi, kabla ya mtu yeyote kumruhusu aunganishe kitu. Kwa maneno mengine, somo ambalo vitabu huliweka mwishoni, chini ya kichwa cha habari cha kurekebisha makosa, huku ndilo somo la kwanza.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linapindua uainishaji wote. Aliyeanza kwa kulehemu hukitazama kiungo cha risasi kama mwisho wa kazi. Aliyeanza kwa kung'oa anajua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna kiungo cha kudumu: kila kilichounganishwa kitakuja kutenganishwa na mtu mwingine, kwenye meza nyingine, mwenye haraka zaidi. Tena ameshaviona viungo vya kiwandani kwa mamia, vizuri na vibaya, kabla ya kutengeneza cha kwake. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma dayodi na transista kwenye kitabu cha fizikia anaweza kukuchorea tabaka za P na N bila kukosea. Lakini mwulize transista yenyewe inang'olewaje bila kuiua, uone atakavyotazama dirishani.

Himaya ya Kung'oa

Kung'oa kuna mbinu tatu, na kila mbinu ina tabaka lake la kijamii. Pampu ya kunyonya risasi ni ya mafundi wenye uwezo. Utepe wa nyuzi za shaba, uliovuliwa kwenye waya wa spika na kupakwa flaksi, ni wa mafundi wenye subira. Waliobaki hutumia sheria ya kwanza ya Newton: risasi ikishayeyuka, bodi hugongwa ukingoni mwa meza, bodi husimama, risasi huendelea na safari. Huendelea hadi ukutani, au kwenye suruali, na siku mbaya hadi kwenye jicho. Ndiyo maana mafundi wazee hugeuza uso kabla ya kugonga, na kijana anayetaka naye kuzeeka katika kazi hii na atafute miwani.

Mazao ya kung'oa huingia kwenye kopo. Kopo halisi ni la Blue Band, la kilo moja, lililopoteza rangi. Utafiti wetu umeona pia makopo ya maziwa ya unga na ya rangi ya mafuta, lakini hayo tunayahesabu kama spishi vamizi. Ndani ya kopo mna rezista, kapasita, dayodi, transista, skrubu, meno mawili matatu ya gia za kaseti, na sarafu moja ambayo hakuna anayekumbuka ilivyoingia. Mpangilio wake ni wa kijiolojia: vilivyong'olewa juzi viko juu, na chini kabisa hulala vipande vya redio za National, zile zilizokuwa zikiunganishwa na Matsushita pale Dar es Salaam, ambazo mafundi wazee huzisifia miguu yake minene kwa sauti wanayotumia watu wengine kuwasifia marehemu.

Vipande hivi vinahitaji kupangwa katika koo, na hapa tumeona ni busara kufuata utaratibu wa wenyeji. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Basi na kipande cha elektroniki nacho ni cha ukoo wa bodi iliyokizaa, yaani madabodi, si wa fundi aliyekilehemu mahali pengine baadaye. Fundi ni baba: anaheshimiwa, anashirikishwa, lakini ardhi si yake.

Ukoo mkubwa kwa sasa ni wa Taa za Kubana Matumizi. Taa hizo zilienea nchi nzima, zikafa nchi nzima, na kila moja ilikufa na hazina tumboni. Ukiifungua kitako chake kwa uangalifu, bila kuvunja mrija wa kioo kwa kuwa ndani yake mna zebaki, utapata transista mbili za aina ya 13001 au 13003, dayodi nne, pete ndogo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya, na kapasita nono lililoandikwa volti 400. Kapasita hilo ndilo mwalimu wa nidhamu. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukinyooshwa hufika kama volti 325, na kapasita linaweza kuishikilia hata baada ya taa kuchomolewa. Mafundi hulitoa chaji kwanza kupitia rezista. Wanafunzi hulitoa chaji kupitia kidole gumba, mara moja tu katika maisha yao.

Baada yake kuna ukoo wa Sabufa, ukoo wa Chaja za Simu na ukoo wa Tochi za Kichina, ambao ni mkubwa kwa idadi lakini maskini wa mali: taa moja, swichi moja, kwaheri.

Tatizo la kopo ni utambulisho. Vitabu vinafundisha kusoma rangi za rezista: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, na kuendelea, hivi kwamba njano, zambarau na kahawia hutoa omu 470. Lakini vitabu havikutarajia rezista iliyokaa miaka kumi karibu na transista ya moto, ambayo mistari yake yote imekuwa kahawia. Kahawia ya kiwandani na kahawia ya kuungua ni moja kwa macho. Hapo mwanafunzi hujifunza kutumia mita, na akishajifunza mita haamini tena rangi, maandishi wala maneno ya muuzaji. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafanikio makubwa zaidi ya kopo kama taasisi ya elimu.

Spishi za viungo

Sasa tufike kwenye tone lenyewe. Waya wa risasi wa kawaida una sehemu 60 za bati kwa 40 za risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, risasi peke yake kwenye 327. Zikichanganywa hivyo huanza kuyeyuka kwenye 183, chini ya zote mbili. Aina isiyo na risasi, ambayo Ulaya iliilazimisha kwa vifaa vingi kuanzia Julai 2006, huhitaji 217 au zaidi, na ndiyo sababu bodi za simu mpya humtoa jasho fundi ambaye chuma chake kimezoea mambo ya zamani. Katikati ya waya wa risasi mna flaksi ya ulimbo wa misonobari. Kazi yake ni kusafisha kutu ya shaba ili risasi ishike. Moshi ule mweupe unaomfuata mwanafunzi puani popote anapoinamisha kichwa ni wa ulimbo. Risasi yenyewe haijafika joto la kugeuka mvuke. Moshi huwasumbua wenye pumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi husafiri kwa njia nyingine, kutoka vidoleni hadi kwenye chapati, na dawa yake ni sabuni.

Spishi ya kwanza ni Kiungo Kamili. Kinang'aa, kingo zake zimebonyea kidogo kuelekea ndani, na risasi imetambaa juu ya mguu na kisahani cha shaba bila kuacha mpaka. Kwa wanaoanza ni adimu kuliko Malaconotus alius, na pengine nacho husikika zaidi kuliko kinavyoonekana.

Ya pili ni Tonge. Mwanafunzi ana imani kwamba risasi nyingi ni uimara mwingi, akaendelea kulisha mpaka kikatokea kitu cha duara chenye tumbo. Tatizo la Tonge ni usiri: huwezi kujua kama chini yake risasi imeshika au imekaa tu. Jamaa yake wa karibu ni Daraja, yaani Matonge mawili yaliyoungana. Mji wenye mito inayoshuka mlimani kama Morogoro unajua thamani ya daraja, ila hili halihitajiki: huleta shoti, na shoti huleta moshi, na moshi huu si wa ulimbo.

Ya tatu ni Mgeni. Hutokea pale kijana anapochota risasi kwa ncha ya chuma na kuibeba hewani hadi kwenye bodi. Njiani flaksi imeungua yote, kwa hiyo inapofika risasi hukaa juu ya shaba bila kujuana nayo. Mazungumzo yafuatayo tuliyasikia tukiwa kwenye benchi, na tunayanukuu kwa faida ya sayansi:

"Dogo, unapasha nini hapo?"

"Risasi, fundi."

"Risasi ikupe nini? Pasha mguu na kisahani, vyote viwili kwa pamoja. Halafu gusisha waya upande wa pili. Vikiwa vimeiva, risasi itakuja yenyewe."

"Na nikikaa sana?"

"Hesabu moja, mbili, tatu, toka. Ukikaa sana kisahani kitabanduka, na kile hakina spea."

Kisahani kilichobanduka ni spishi ya nne, Yatima. Hatutaijadili; inasikitisha.

Spishi inayostahili sura nzima ni Baridi. Huzaliwa kwa njia mbili: ama joto halikutosha, ama kitu kilitikisika wakati risasi inaganda, kwa kawaida kwa sababu mwanafunzi alishangilia mapema. Kwa sura imefifia, ina chembechembe, na haina mng'ao. Lakini sura si kitu. Tabia ndiyo habari. Kiungo Baridi hufanya kazi. Hufanya kazi mbele ya fundi, hufanya kazi mbele ya mteja, hufanya kazi wakati wa kulipa. Kisha husafiri na mwenye mali kwa daladala hadi Bigwa, na pale anapokiwasha mbele ya majirani, kinanyamaza. Mteja hurudi, fundi anawasha, kinaimba. Mahusiano mengi ya kibinadamu katika Manispaa ya Morogoro yameharibiwa na kipande cha risasi kisichozidi punje ya mtama.

Kutokana na spishi hii limezuka tawi zima la tiba, Tiba ya Kofi. Mtu yeyote aliyekulia na redio au televisheni ya zamani anaijua: chombo kikikatika sauti, hupigwa ubavuni, na sauti hurudi. Wengi hudhani chombo kimeogopa. Ukweli ni kwamba mahali fulani ndani pana kiungo kilichopasuka, aghalabu kutokana na miaka ya kupata moto na kupoa, kutanuka na kusinyaa, na kofi huzisogeza kingo mbili za ufa zikagusana tena. Kipimo cha dozi kiko wazi: kadiri ufa unavyozeeka, ndivyo kofi linavyohitaji kuongezwa, mpaka siku chombo kinapokufa kwa dozi. Fundi mzuri akikuta alama za viganja kwenye vumbi la sanduku la spika, anajua tayari upande gani wa bodi aanze kutafuta. Atapasha kiungo upya kwa flaksi kidogo, na familia nzima itabaki na mikono isiyo na kazi.

Makazi ya viungo: miradi yenyewe

Hatupingi kabisa kuwapo kwa miradi. Tunachokataa ni kuipa cheo cha juu kwenye uainishaji. Kwetu miradi ni makazi tu, mahali ambapo viungo huishi kwa muda kabla ya kurudi kwenye kopo.

Makazi ya kwanza ni Taa Moja. Betri ya volti 9, rezista ya omu 470, taa nyekundu ya LED inayobakiza volti kama 2. Hesabu ni rahisi: 9 kutoa 2 ni 7, gawanya kwa 470, unapata kama miliampea 15. Taa yenyewe inatumia wati 0.03. Mkoa wa Morogoro una kituo cha umeme cha Kidatu chenye megawati 204. Kwa hesabu hiyo Kidatu pekee kingewasha taa nyekundu bilioni 6.8, tukisahau rezista. Tukiikumbuka, mambo hubadilika, kwa sababu kwenye saketi hii rezista hula zaidi ya robo tatu ya umeme wote kabla haujamfikia mlengwa, kama bajeti ya semina.

Kitabu kinasema mguu mrefu wa LED ndio chanya. Kauli hiyo ni kweli kwa LED iliyotoka kwenye mfuko. LED iliyotoka kwenye kopo ilikatwa miguu na kiwanda, kisha ikang'olewa na kijana mwenye haraka. Miguu yake yote ni mifupi na haina la kusema. Mtoto wa kopo hutazama ukingo wa duara la plastiki, pale palipochongwa bapa: huo ni upande wa hasi. Au huijaribu kwa mita. Hivyo mradi ambao kwa mwenye mfuko ni wa dakika kumi, kwa mwenye kopo ni uchunguzi, na anamaliza akiijua taa kwa ndani.

Makazi ya pili ni Taa Mbili Zinazopokezana. Saketi hii ilibuniwa na Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wao walitumia vali za kioo. Leo ni transista mbili, kapasita mbili, rezista nne. Ukitumia kapasita za mikrofaradi 10 na rezista za kilo-omu 47, kila taa hukaa kama theluthi moja ya sekunde. Ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini kapasita za kopo ni wazee. Majimaji ya ndani yamekauka, na kila moja imekauka kwa kiwango chake. Taa moja huwaka kwa raha zake, nyingine hupepesa na kuzima. Saketi inachechemea. Mwanafunzi wa mfuko angehesabu kuwa ameshindwa. Mwanafunzi wa kopo ameunda, bila kukusudia, kipimo cha uzee wa kapasita, na wapo wanaokitumia hivyo hasa. Wenye nauli hukwepa kadhia yote kwa kununua aisii ya 555, iliyosanifiwa na Hans Camenzind mwaka 1971, ambayo sasa inaweza kutoka Kariakoo asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana, tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Sayansi inasonga mbele, kuchechemea kunapungua.

Makazi ya tatu ndiyo tunayoyapenda, na hatuoni sababu ya kuficha upendeleo: Mwizi wa Jouli. Betri moja ya tochi ikiwa mpya ina volti 1.5. Taa nyeupe ya LED inataka karibu 3. Kwa hiyo betri moja haiwezi kuiwasha, na betri iliyochoka ndiyo kabisa. Vijijini kwetu betri zilizochoka zimekuwa zikianikwa juani, kwenye bati au ukuta wa baraza, zikapata nguvu za kusikiliza taarifa ya habari mara moja zaidi. Mwizi wa Jouli ni kuanika huko kwa njia nyingine. Chukua pete ya feraiti ya ukoo wa Taa za Kubana Matumizi, izungushie nyaya mbili, weka transista moja na rezista moja ya kilo-omu. Transista hufungua na kufunga mkondo mara maelfu kwa sekunde. Kila ikifunga, koili hugoma kupoteza mkondo wake ghafla na hurusha volti juu, za kutosha kuwasha taa. Betri ambayo redio imeikataa itawasha taa hiyo usiku hadi usiku. Vipande vinne, viungo visivyozidi kumi, na vyote vimetoka kwenye takataka. Kama ningekuwa na mamlaka juu ya mitaala, mradi huu ungekuja kabla ya taa moja, maana ndio pekee unaomfanya bibi aliyeko Kinole aulize swali la kitaalamu: "Mjukuu wangu, umeme huo umeutoa wapi, na betri imekufa?"

Chaja ya Bodaboda ni makazi ya nne, na ni shule ya joto. Kijana huchukua regulata ya 7805, hulehemu nyaya tatu, na kuuza volti 5 kwa dereva wa pikipiki anayetaka kuchaji simu. Pikipiki ikiwa inaendeshwa hutoa kama volti 14. Regulata hiyo haibadilishi volti zilizozidi, inazichoma. Simu ikivuta nusu ampea inapata wati 2.5, na wati 4.5 zinageuka joto. Bila bati la kupoza chaja hujizima yenyewe kabla ya Msamvu, na dereva huanza kuamini kwamba simu yake ina kifafa.

Kuna pia kisambazio kidogo cha redio cha transista moja. Kipo. Tumekisikia. Masafa yana wenyewe, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haina ucheshi. Na kuna pauabanki za betri za kompyuta mpakato zilizong'olewa, zenye volti 3.7 kila moja, ambazo kwazo tunaacha utani: betri ya lithiamu hailehemiwi moja kwa moja, joto linaweza kuiumiza ndani na moto wake hauzimwi kwa kupuliza. Tafuta iliyo bado na ulimi wake wa chuma, lehemu kwenye ulimi.

Mtawanyiko wa kijiografia

Wataalamu wa ndege wanajua kwamba upande wa mashariki wa Uluguru ni nchi nyingine. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugota pale, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, wakati mji wa Morogoro, uliojificha upande wa pili, haufikii nusu yake katika miaka mingi. Kiungo cha risasi kinalijua hilo pia. Mjini, mabaki ya flaksi yaliyoachwa kwenye bodi hubaki kuwa uchafu tu. Yakipandishwa Kinole au Matombo hunyonya unyevu, yakaanza kupitisha mkondo pasipo na waya na kuila shaba taratibu. Baada ya masika mawili matatu bodi ina ukungu wa kijani. Saketi ile ile, fundi yule yule, vifo viwili tofauti. Mafundi wa mlimani huosha bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani. Wa mjini huwacheka, mpaka bidhaa zao zipande basi.

Kielelezo chenye utata

Kila uainishaji una mnyama wake wa kuudhi, na wetu ni koroboi. Fundi bati aliyelehemu makopo kuwa vibatari alikuwa akifanya kazi hii kabla transista haijabuniwa mwaka 1947. Alipasha kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa, akapaka asidi iliyoyeyushiwa zinki, akaunganisha mshono usiovuja mafuta ya taa. Kwa kila kigezo tulichoweka, mshono wake ni Kiungo Kamili: unang'aa, umetambaa, umeshika. Tena alitumia makopo yaliyotupwa, kwa hiyo ni mtoto halali wa Himaya ya Kung'oa.

Lakini flaksi yake ni sumu kwa elektroniki. Ile kloridi ya zinki haiishi kula. Kwenye bati nene huoshwa kwa maji na yanaisha, kwenye bodi hujificha chini ya vipande na kutafuna nyaya nyembamba kama nywele. Tumewahi kuoneshwa amplifaya iliyolehemiwa na kijana wa karakana ya bati: viungo vya kupendeza kuliko vyote tulivyoviona Morogoro, na chini yake shaba imekwisha. Tufanye nini naye? Tukimtoa, tunamkana babu wa ukoo mzima. Tukimweka, kigezo cha mng'ao kinaanguka, na aya zetu kadhaa za hapo juu zinaanguka nacho. Tumemweka kwenye tanbihi, na kwa kuwa makala haya hayana tanbihi, suala linabaki wazi.

Kuhusu sampuli mfano

Kanuni za uainishaji zinataka kila spishi iwe na sampuli mfano, iliyohifadhiwa mahali pamoja ili watafiti wajao waikague. Tulichagua kwa uangalifu Kiungo Kamili kimoja, kazi ya mwanafunzi, kwenye mguu wa kapasita la mikrofaradi 2,200. Tukakipiga picha, tukakipa namba, tukamwomba mwenye kibanda aitunze bodi juu ya rafu, mbali na kopo. Tuliporudi kuikagua, rafu ilikuwa tupu.

"Fundi, ile sampuli yetu?"

"Ah, profesa, kuna mtu alileta sabufa, kapasita lake limevimba. Nikaona lile lako liko bure."

"Lakini tulikubaliana..."

"Nimelilehemu vizuri kuliko dogo alivyolilehemu. Kaa usikilize, linapiga Mbaraka Mwinshehe tangu asubuhi, na mwenyewe hajarudi."